Umeme wa Mchana

Mastula aliichukua rimoti ya kiyoyozi Gervas akiwa bado hajamaliza kuvua viatu. Hakuiba, la. Aliichukua mbele ya macho yao, akaitia mfukoni mwa gauni, kisha akasimama mlangoni pa kile chumba cha mbao alichowapangisha ndani ya fleti yake hapo Al Muraqqabat.

"Usiku washeni mpaka mgande," alisema. "Mchana, hapana. Bili imenitoa macho, na mwenye jengo haniulizi nani amelala saa ngapi. Tusigombane, kaka."

"Lakini mimi nalinda usiku, dada Mastula," Gervas alisema kwa upole. "Usiku huo unaosema, mimi sipo."

"Ndiyo maana nasema tusigombane."

Gervas alikuwa mlinzi wa hoteli moja kule Al Rigga. Mwanamume mwenye mwili, ambaye wageni wa hoteli walimpa njia bila kuambiwa, lakini mbele ya yule mwanamke wa Kiganda aliyeshika mkataba wa fleti alikuwa mdogo kama mtoto aliyechelewa shule. Hakubisha. Alikwenda bafuni akalowesha taulo, akalitandika juu ya vigae kando ya kitanda, akajilaza hapo na bukta yake. Agosti ya Dubai haina msamaha, jamani. Hata ukuta ukiugusa unakuta una homa.

Mkewe, Emiliana, alikuwa amesimama na kikombe cha chai mkononi. Angekuwa mwanamke mwingine, jengo zima lingejua kulikoni asubuhi ile. Yeye alimwangalia Mastula, akamwangalia mumewe pale chini, akasema tu, "Agosti hii, dada?"

"Agosti hiyo hiyo ndiyo iliyoleta bili," Mastula akajibu, akaenda zake na rimoti.

Usidhani Emiliana hakuwa na la kusema. Ulimi alikuwa nao, tena si ulimi wa kawaida. Ndio uliokuwa unamlisha.

Emiliana aliuza umeme. Usicheke. Mwanamke wa Mbinga, akiwa ameketi kwenye ofisi juu ya duka la manukato hapo Al Rigga, aliwauzia umeme watu wa Texas, Marekani. Hapa Dubai umeme hauna mjadala: mamlaka ni moja, bili inakuja, unalipa, khalas. Lakini kule Texas, sehemu kubwa ya jimbo, wameufungua. Nguzo ni zile zile, waya ule ule, mita haibanduki ukutani, ila anayekuuzia unamchagua mwenyewe, kama unavyochagua unanunua nyanya kwa nani sokoni. Na wauzaji ni chungu nzima. Huyu anakupa bei moja mwaka mzima. Yule bei yake inapanda na kushuka kama soko linavyoamka. Mwingine anakupa raha miezi ya mwanzo, halafu utajiju.

Sasa, huko Houston kuna familia za Wakongo waliopelekwa kama wakimbizi, wanazungumza Kiswahili nyumbani, na Kiingereza chao ni cha kazini na dukani, si cha kusomea mikataba. Mtu mmoja mwenye akili za biashara akaona hiyo ni mali. Akaajiri Waswahili wa Dubai, akawapa vifaa vya masikioni na majina ya kupigia.

Nami nakwambia bila kupepesa, katika ofisi ile hakuna aliyemfikia Emiliana. Wenzake walianza na bei. Yeye alianza na salamu, tena salamu kamili. Aliuliza habari za nyumbani, akajibiwa nzuri. Hiyo hakuihesabu, maana nani atamwambia mgeni kuwa ni mbaya? Akauliza za watoto, za kazi, za joto la huko, akajibiwa nzuri tena, ila safari hii na pumzi. Halafu akarudia, taratibu, kama mtu ambaye hana pa kwenda: "Kwa hiyo nyumbani hamjambo kabisa?" Hapo ndipo watu walipofunguka. Mara nyingi alisikia kiti kikivutwa upande wa pili, na akisikia kiti alijua mtu ameamua kuzungumza. Angeambiwa juu ya bibi mwenye mashine ya kupumulia, juu ya mtoto mchanga, juu ya kazi ya zamu. Ndipo alipojua amuuzie nini, na wapo aliowaambia, "Mama, mkataba ulio nao sasa ni mzuri, baki hapo hapo," akaendelea na namba nyingine.

Ungedhani kampuni ingemwekea sanamu. Kampuni ilimwekea saa.

* * *

"Emiliana, salamu zako ni ndefu kuliko mauzo yako." Huyo ni Mubin, msimamizi wa zamu, kijana mwembamba wa Kipakistani mwenye tai iliyonyooka, aliyekula chakula cha jioni akiwa amesimama kwa sababu naye alikuwa na wakubwa waliomwangalia kwa kamera. "Wiki hii ndiyo ya mwisho ya majaribio yako. Bado mteja mmoja tu. Ukimpata nakuthibitisha kazini. Usipompata, sina la kufanya. Mpango wa kuuza ni Usiku Bure. Salamu moja, bei, kuhakiki. Yalla, kazini."

Emiliana aliitikia kwa kichwa. Alijua maana ya kutothibitishwa. Visa yake ilikuwa ya kampuni. Ikifutwa, mshahara wa mlinzi wa hoteli hautoshi kumdhamini mke, na hapo ni uwanja wa ndege, Gervas abaki peke yake juu ya taulo lake. Walikuwa wameishi mbalimbali miaka kabla ya kazi hii. Hakutaka kuirudia ile hali hata kwa mawazo.

Ilikuwa jioni ya Dubai, asubuhi ya Texas. Aliyepokea ni mwanamke mtu mzima, sauti nzito ya Bukavu. "Mama Nsimire hapa. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Emiliana, mama, kutoka kampuni ya umeme. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mwanangu. Wote wazima."

Mubin alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Emiliana aliusikia mkufu wa saa yake ukicheza. Akaruka salamu zote zilizobaki, akaenda moja kwa moja kwenye bei.

Usiku Bure, akaeleza, maana yake kuanzia saa tatu za usiku mpaka alfajiri hulipi kitu. Fua, pika, washa mashine ya baridi, kampuni haikuandikii hata senti. Alisema pia, kwa haki, kuwa mchana bei inakuwa juu kuliko mliyoizoea. Mama Nsimire alishika lile neno bure, kama yeyote kati yetu angelishika. "Bure kabisa? Basi nifanyie."

Emiliana akaivusha simu chumba cha kioo, kwa Loise, Mkenya aliyefanya kazi ya kuhakiki. Sheria ilitaka mteja akubali mbele ya mtu ambaye si muuzaji, na sauti irekodiwe. Loise akasoma maswali yake: unaelewa kwamba unabadilisha kampuni? Ndiyo. Unaelewa kwamba mkataba ni wa miaka miwili? Ndiyo. Unaelewa kwamba ukitoka mapema kuna faini? Ndiyo, mwanangu, ndiyo. Kisha simu ikarudi kwa Emiliana, amuage mteja.

"Aksanti sana, binti," alisema Mama Nsimire. "Sasa niache nifunge mapazia niwashe baridi. Baba watoto anarudi saa hii kutoka ghalani, anabeba mizigo usiku kucha. Analala mpaka jua linazama, na bila baridi hafungi jicho, maskini."

Simu ikakatika. Mubin akagonga kengele ya mauzo, ofisi nzima ikapiga makofi. "Umethibitishwa!" alisema, na alifurahi kweli, maana hakuwa mtu mbaya. Emiliana aliinuka, akapewa mkono huku na huku, akatabasamu inavyopasa. Amemuuzia usiku wa bure mwanamke ambaye mumewe hulala mchana.

* * *

Asubuhi Gervas alipoingia alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimethibitishwa," alimwambia.

Gervas alimnyanyua juu, buti bado miguuni, hadi kichwa chake kikagusa dari. "Nilijua! Niliwaambia hata walinzi wenzangu, mke wangu yule angemuuzia shetani kuni!" Alimshusha, akamtazama. "Mbona uso huo sasa?"

Akamsimulia. Gervas alisikiliza akifungua kamba za buti moja, akaisahau ya pili.

"Alisema ndiyo mwenyewe?"

"Alisema."

"Na ulimwambia mchana ni ghali?"

"Nilimwambia. Sikumuuliza mchana nani yupo nyumbani. Watu wote nawauliza, Gervas. Yeye sikumuuliza."

"Basi kosa si lako peke yako," alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. Alilowesha taulo, akajilaza chini. Huko jikoni Mastula alikuwa akikaanga vitunguu, na joto lake nalo likaja kuongezeka chumbani. Emiliana alichukua kipande cha boksi akawa anampepea. Gervas aligeuka huku, akageuka kule. Taulo lilikauka hata hajasinzia.

"Huyo mzee," alisema baadaye, macho yamefumbwa. "Anabeba mizigo, eti?"

"Usiku kucha."

"Na kule nako kuna joto?"

"Houston? Wanasema ukitoka nje unatembea ndani ya supu."

Alifumbua macho. Kisha akasema, "Mpigie."

"Nilishaamua kumpigia tangu jana," alisema Emiliana. "Nilikuwa nangoja ulale kwanza, usije ukanikataza."

Gervas akacheka pale chini, kicheko cha mtu aliyechoka hadi kwenye mifupa. "Mwanamke wewe!" Akashika kifundo cha mguu wake, hakukiachia. Hawakusema habari ya uwanja wa ndege. Wote wawili waliifikiria.

* * *

Jioni alikwenda kwanza kwa Mubin, maana hakutaka kufanya jambo kwa mlango wa nyuma.

"Sir, yule mteja wa jana. Naomba tumfutie. Mpango haumfai."

Mubin aliweka uma chini. "Amekubali. Imerekodiwa. Imehakikiwa."

"Amekubali bila kuulizwa swali moja, na swali lile ni kazi yangu kuuliza."

"Sisi si madaktari, Emiliana. Soko la kule liko huru. Mteja anachagua, mteja anajibeba."

"Anachagua akijua, sir. Yule mama tulimharakisha. Mimi nilimharakisha."

Mubin alitazama kamera ya darini, akapunguza sauti. "Nisikilize kama kaka yako. Ukimgusa yule mteja, unarudi chini ya idadi, na unakuwa umevunja kanuni ya kutomshawishi mteja ajitoe. Hapo mimi siwezi kukuokoa. Nina watoto wawili Lahore wanaosoma. Umenielewa?"

"Nimekuelewa sana, sir," alisema Emiliana. Akaenda kwenye kiti chake, akavaa kifaa cha masikioni, akapiga namba ya Texas kwenye simu ile ile ya kampuni inayorekodi kila pumzi. Angeweza kupiga kwa simu yake mwenyewe, chooni, akificha sauti, na hakuna ambaye angejua. Sijui kama mimi nisingefanya hivyo. Yeye alitaka lile kosa lisahihishwe pale pale lilipofanyikia.

"Mama Nsimire, ni Emiliana wa umeme. Ule mpango wa jana, nakuomba uufute."

"Nifute?" Sauti ilikuwa kali. "Jana umenipa, leo unaninyang'anya? Nyinyi watu wa simu mna nini na sisi? Mmeona sisi ni wajinga?"

"Hapana mama, ni mimi nime..."

Simu ikakatwa.

Mubin alikuwa ameshainuka mezani kwake. Emiliana alibonyeza tena namba ile ile. Iliita, ikaita, ikapokelewa bila neno.

"Mama," alisema Emiliana, "jana sikukusalimia vizuri. Nisamehe. Habari za nyumbani?"

Akajibiwa kwa shingo upande, "Nzuri."

"Na watoto? Na wewe mwenyewe, na joto hilo?"

"Tuko wazima. Tunashukuru Mungu."

"Na baba? Amelala salama leo? Nyumbani hamjambo kabisa?"

Upande wa pili kitu kilikwaruza sakafu. Kiti.

"Hajalala," alisema Mama Nsimire, na ukali ulikuwa umemtoka. "Mgongo. Anageuka kutwa nzima. Mimi nazunguka na watoto niwatoe nje wasimwamshe. Hii mashine ya baridi ndiyo inayomsaidia, tunaiwasha asubuhi mpaka jioni."

"Ndiyo hiyo, mama. Ndiyo ambayo ningepaswa kuiuliza jana. Sikiliza. Waya wako ni ule ule, mita yako ile ile. Anayebadilika ni anayekuletea bili tu. Mpango wangu unakupa bure saa ambazo baba yuko ghalani, halafu unakutoza ghali saa ambazo yuko kitandani. Mngemlipia usingizi wake kwa bei ya dhahabu, miaka miwili. Una siku tatu za kazi za kubadili nia bila faini. Kwenye karatasi watakazokutumia kuna namba. Piga, sema neno moja, nafuta. Ukichelewa, kutoka ni kwa faini. Halafu tafuta mpango wa bei moja, usiku na mchana sawasawa."

"Na wewe," aliuliza Mama Nsimire polepole, "hawatakukasirikia?"

Mkono wa Mubin ulikuwa tayari begani mwake. "Usinihofie mimi, mama," alisema Emiliana. "Futa."

Alivua kifaa mwenyewe, akaukunja waya wake vizuri, akampa Mubin mkononi. Katika chumba cha kioo Loise alikuwa amesimama, kiganja mdomoni.

"Khalas," Mubin alisema, na hakuweza kumtazama. "Khalas, Emiliana. Pole."

* * *

Visa ilifutwa. Sheria ilimpa muda kidogo wa kutafuta mdhamini mwingine au kuondoka, naye alizunguka na vyeti vyake Al Rigga yote, kwenye mahoteli na kwenye maduka, mpaka soli ya kiatu ikaachia. Kila mahali aliambiwa inshallah, kwa ile inshallah yenye maana ya hapana. Akirudi alipika, akamwandalia Gervas taulo, akampepea. Hata siku moja hakusema laiti.

Jioni moja, jua bado halijazama, simu yake iliita, namba ya Marekani.

"Nimekupata!" Ilikuwa Mama Nsimire, akipaza sauti kana kwamba anaita ng'ambo ya barabara. "Kule kazini kwenu wanasema hawakujui. Mwisho akaja yule wa maswali, yule Mkenya, akaninong'oneza namba yako. Nilifuta, binti yangu! Siku ile ile. Sasa hapa nina karatasi ya kampuni nyingine, mtoto wangu anaisoma, hatuelewi."

Emiliana alikaa kitandani. "Mwambie asome yale maandishi madogo. Aanze na bei. Ni moja saa zote?"

Akasikia sauti ya msichana ikisoma Kiingereza. Saa zote.

"Kuna mahali wanasema ukitumia umeme mdogo, au ukizidisha, bei inabadilika? Hakuna? Vizuri. Faini ya kutoka? Na mkataba ukiisha, mnarudishwa kwenye bei gani? Hapo andikeni tarehe ukutani, mama, kwa herufi kubwa, muanze kutafuta mwingine kabla haijafika. Wanategemea msahau."

Walienda mstari kwa mstari. Mama Nsimire alikuwa amekusanya majirani wa kanisani, na nao walikuwa na karatasi zao, na Emiliana alizipitia zote, bila bosi na bila kengele, jasho likimtiririka shingoni. Gervas alikuwa ameamka. Alilala pale chini akimsikiliza mkewe, uso umemng'aa kama bwana harusi.

Nje ya ukuta wa mbao kulisikika mlio mdogo, tii, na upepo wa baridi ukaanza kushuka kutoka kwenye kiyoyozi. "Nimewasha dakika chache tu," Mastula alisema kutoka ukumbini, kwa sauti ya ukali. "Mimi mwenyewe nasikia joto. Msizoee."

Huko Texas majirani waliaga mmoja mmoja. Alibaki Mama Nsimire.

"Haya binti. Umetusaidia sana. Na wewe habari za nyumbani?"

"Nzuri, mama."

"Na bwana?"

"Mzima. Yuko hapa, anakusalimu."

"Na kazi?"

"Nzuri tu, mama. Tunashukuru Mungu."

Emiliana alidhani mtandao umekatika, akaitazama simu.

"Kwa hiyo," Mama Nsimire aliuliza tena, taratibu, kama mtu ambaye hana pa kwenda, "nyumbani hamjambo kabisa?"

Emiliana alifungua mdomo aseme hatujambo, neno halikuja. Machozi ndiyo yaliyokuja, yale aliyoyazuia tangu siku ya Mubin, na Gervas akainuka kwenye taulo akaja kumshika mkono.

"Wamenifukuza, mama," alisema. "Natakiwa niondoke."

Mama Nsimire hakupiga kelele, wala hakusema pole ya haraka. Emiliana alifuta uso kwa upande wa khanga, akaibana simu sikioni. Huko mbali, Houston, akasikia kiti kikivutwa.